Kisanduku cha Kuhesabu Wageni

Kwa upana, herufi I ni nusu. M na W ni moja na nusu. Nafasi iliyo kati ya neno na neno ni moja kamili, hata kama mwenye duka atashikilia kwamba hapo hapana kitu na hatakulipa. Nyinyi mnaotengeneza kurasa za mtandao hamhitaji hesabu hii, mashine inawapigia yenyewe. Lakini nawapa bure, na wanaonijua watawaambia mimi si mtu wa kutoa vya bure.

Nilianza kuandika vibao Likoni mwanzoni mwa miaka ya themanini, na miaka ya tisini ilipokuwa ikienda ukingoni nilikuwa natengeneza kurasa za kompyuta, kazi ambayo wakati ule hata jina la Kiswahili haikuwa nalo. Majirani zangu wa mtaa wa Bofu waliniita fundi wa vibao vya hewani. Waliniuliza kibao hicho kinatundikwa wapi. Mtu aliyezoea kupigilia misumari hupata tabu kueleza kitu kisichotaka msumari.

Kibao changu cha kwanza kilikuwa cha dobi. Alitaka DOBI WA KISASA. Nilihesabu mara moja, nikachovya brashi. Nilipomaliza KISA ubao ukawa umekwisha, ikanibidi SA ya mwisho niiandike ubavuni, kwenye unene wa mbao. Waliotoka upande wa feri wakawa wanasoma DOBI WA KISA, na wawili watatu waliingia kumuuliza ni kisa gani hicho.

Aliyenifunza kazi, Fundi Bwanaheri, hakunipigia kelele. Alikuwa na mtoto wa jicho katika jicho la kulia, kwa hiyo alihesabu herufi kwa kuzigusa ubaoni kwa ncha ya kidole, kama anayemkagua mbuzi mbavu.

"Hamisi," akaniambia, "rangi haina toba. Ukishahesabu, hesabu tena. Ukipata jumla mbili tofauti, kaa chini, usiguse brashi. Kuna kitu hapo hakijakwambia jina lake."

Nililishika hilo hata likaniharibia maisha ya kawaida. Nahesabu ngazi za nyumba za watu. Nahesabu nyanya fungu zima mbele ya muuzaji, halafu nazihesabu tena huku akinitukana. Mke wangu alikuwa akisema siku ya kiama nitamwomba malaika anisomee daftari upya.

Jambo la pili alilonifunza Bwanaheri ni kwamba nyekundu haifi. Kulikuwa na bucha Mtongwe ambayo mwenyewe alifariki, na aliyeinunua akataka jina la marehemu lifutwe. Nilipaka nyeupe mikono miwili, nikaandika jina jipya, kazi safi. Mvua za masika ziliponyesha, jina la marehemu likaanza kupanda kutoka chini, waridi kwanza, kisha jekundu kabisa, likajipenyeza katikati ya jina la aliye hai. Mnunuzi akanijia mbio, anauliza nani kanituma. Nikapaka tena. Wiki mbili, likapanda tena. Bwanaheri alicheka mpaka jicho lake bovu likatoa machozi. Akanionyesha: nyekundu ya mafuta hupenya rangi yoyote inayowekwa juu yake; lazima uifunge kwanza kwa rangi ya fedha, ndipo upake nyeupe. Nikafanya hivyo, likakoma. Ndivyo kazi inavyokufunza: kinachotisha kina sababu, na sababu ina dawa, na dawa inauzwa dukani. Niliishi na imani hiyo kwa raha zangu mpaka nilipokutana na Bi Mwanatumu.

Kompyuta yenyewe niliipata kwa kubadilishana. Kampuni moja ya kutembeza watalii ilikuwa ikihama. Nikawaandikia vibao vya afisi mpya, wao wakanipa mashine yao kuukuu. Nikadai na kifuniko chake cha plastiki. Wakanipa. Nikadai na meza iliyowekewa. Wakanitazama sana, kisha wakanipa na meza. Nikavuta laini ya simu dukani, nikajifunza kwa vitabu vya kuazima na kwa kukosea. Nilipogundua kwamba kwenye kioo cha kompyuta herufi ikikaa vibaya unaifuta na haibaki hata alama, niliona nimepata chombo chenye toba. Makosa yangu yalianzia hapo.

Bi Mwanatumu alikuwa jirani yetu Bofu, mjane, akiuza mahamri na mbaazi kwenye baraza yake kila asubuhi. Mwanawe wa pekee, Athumani, alikuwa ameondoka miaka saba nyuma, ikasemekana amepanda meli Kilindini kama mpishi. Haikuja barua, wala simu, wala mtu wa kusema nimemwona. Aliacha mke, Rehema, ambaye alibaki akiishi na mama mkwe wake.

Siku moja, duka halina mtu, Bi Mwanatumu akaingia na bakuli limefunikwa kitambaa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia wewe wafanya vibao vyaonekana Ulaya."

"Vyaonekana na mwenye kujua anwani zake, Mama. Asiyezijua havioni. Ni kama kibao kilichotundikwa kichakani."

"Nami mtu wangu yu kichakani. Nifanyie kimoja."

Akanieleza. Kaka yake, Mzee Omari, alikuwa amekwenda kwa kadhi, na sasa familia ilikuwa tayari kumhesabu Athumani katika waliokufa. Wangesoma khitma, Rehema angekaa eda yake ya miezi minne na siku kumi, kisha awe huru. Mwezi uliowekwa ulikuwa wa Mlisho, ule unaotangulia Ramadhani. Miezi miwili tu ilikuwa imebaki. Bi Mwanatumu peke yake ndiye aliyekuwa hataki, na bila neno lake hakuna aliyethubutu kufungua msahafu.

Tukapatana. Nilitaka mahamri ya miezi minne. Akasema miwili. Nikasema mitatu na mbaazi juu yake. Akasema, "Mimi nimekuogesha wewe ulipokuwa na surua." Tukaishia mitatu bila mbaazi. Bakuli lile nilikuwa nimekwisha kula, kwa hiyo nililihesabu kama zawadi.

Ukurasa niliufanya kama kibao bora kabisa nilichowahi kuandika. Juu niliweka picha ya mlango wa nyumba yao, ule wa buluu wenye komeo la mbao. Chini yake: ATHUMANI, MAMA YAKO ANAKUTAFUTA. Herufi nilizihesabu mara mbili. Chini kabisa nikaweka kisanduku cha kuhesabu wageni, kama ilivyokuwa fasheni siku zile: kila ukurasa unapofunguliwa, namba inapanda moja. Anwani yake ilikuwa ndefu, ya kumpoteza mtu. Niliiandika kwenye vikaratasi ishirini, na Bi Mwanatumu akavigawa kwa mabaharia kupitia kwa mtu aliyemjua huko Changamwe. Nilijua vikaratasi hivyo vitafungiwa tumbaku. Sikumwambia.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye hesabu. Kisanduku kile hakijui mwenyewe wala mgeni. Hata mimi nikifungua ili nisome namba, ninaipandisha moja. Kukihesabu ni kukiongeza. Kwa hiyo nikaweka daftari, kila nikifungua natia alama. Siku ya kuutundika niliufungua mara tisa katika kuujaribu. Kisanduku kikasema tisa, daftari likasema tisa. Nikafunga, nikaridhika. Jumamosi iliyofuata nikafungua, nikitarajia kumi.

Kumi na tatu.

Nikadhani nimekosea alama. Jumamosi ya pili nilitarajia kumi na nne. Kumi na saba. Ya tatu nilitarajia kumi na nane. Ishirini na moja. Kila wiki mimi mmoja, na juu yangu watatu. Hawakuwa wawili hata wiki moja, wala hawakufika wanne.

Nikapiga simu mjini, kwenye ile afisi iliyokuwa ikituuzia mtandao. Mashine zao zilikuwa mikononi mwa binti mmoja wa bara, Wambui, mcheshi sana.

"Mzee, hizo ni mashine zinazunguka zikisoma kurasa za watu," akasema. "Usishtuke."

"Mashine ina siku yake ya kutembea?"

"Inategemea. Kwani huja lini?"

Sikujua. Wiki ile nikaifanyia kazi. Nilifungua Alhamisi jioni: mimi tu. Ijumaa nikaenda msikitini, nikarudi, nikafungua: mimi tu. Baada ya hapo nikajizuia nisiiguse mashine. Jumamosi asubuhi nilitarajia ishirini na nne. Ishirini na saba. Wote watatu walikuwa wamekuja baada ya sala ya Ijumaa.

Nilimpigia Wambui tena. Akasema, "Aki mzee, hiyo sijui. Labda ni mtu tu anaangalia."

"Anaangalia mara tatu?"

"Labda anangoja kitu na hakioni."

Nikaweka simu chini. Mwezi wa Mlisho ulikuwa umekwisha kuandama. Mzee Omari alishawaambia watu tarehe. Mimi nilikuwa na namba ambayo hakuna mwingine aliyekuwa nayo, na sikujua kama ni haki kumpa mama mzee namba badala ya mwana. Ikiwa ni mashine, nitakuwa nimemfunga Rehema miaka mingine saba kwa ajili ya waya. Ikiwa ni mtu, basi atasomewa khitma mtu aliyekaa mahali fulani akiutazama mlango wa kwao kwenye kioo. Nilihesabu hasara za upande huu, nikahesabu za upande ule, nikapata jumla mbili tofauti. Bwanaheri alikuwa ameshafariki, lakini nilimsikia: usiguse brashi.

Nilikwenda. Niliwakuta wote barazani, Mzee Omari kwenye kiti, Rehema anachambua mchele kwenye uteo, Bi Mwanatumu mlangoni.

"Fundi kaja," Mzee Omari akasema. "Mwambie dada yangu huyu. Miaka saba! Binti wa watu hana mume wala hana eda."

"Mimi sijasema amekufa, Mjomba," Rehema akasema bila kuinua macho. "Nasema nimechoka kuulizwa."

Nikawaeleza kisanduku. Mzee Omari akacheka. "Sasa tuache neno la kadhi tufuate neno la redio?"

"Si redio, Mzee. Ni hesabu tu. Kila Ijumaa baada ya sala, mara tatu, kisha kimya mpaka Ijumaa nyingine."

Bi Mwanatumu alikuwa amesimama. Akakaa. Alikaa chini kwenye sakafu, hakutafuta mkeka.

"Mara tatu," akasema.

"Tatu, Mama. Nimehesabu mara mbili."

Rehema akauweka uteo chini. Kisha Bi Mwanatumu akatuambia jambo ambalo hata kaka yake alikuwa halijui. Siku aliyoondoka Athumani ilikuwa Ijumaa. Asubuhi walikuwa wamegombana, maneno makubwa. Baada ya sala alirudi, akasimama mbele ya mlango wa buluu.

"Nalikuwa ndani," akasema. "Nimekaa pale, karibu na mtungi. Akabisha. Hodi. Nikanyamaza. Hodi. Nikasema moyoni, na asimame kidogo ajue uchungu wangu. Hodi ya tatu. Nikasema, akibisha ya nne namwitika. Wallahi ndivyo nilivyosema, ya nne namwitika."

Sisi sote barazani tulijua, kama anavyojua kila mtoto aliyelelewa pande zetu, kwamba hodi ya nne haipo. Mtu hubisha tatu. Asipoitikwa, hurudi alikotoka, wala hana haki ya kukasirika. Na Athumani alilelewa vizuri, na aliyemlea ni yeye.

"Fundi," akaniuliza, "hicho kibao chako, mtu akibisha, chaitika?"

Hapo ndipo nilipoliona kosa langu, na nilikuwa na miaka karibu ishirini kazini. Nilitengeneza kibao. Kibao husema, hakisikii. Sikuweka hata mahali pa mtu kuandika neno, wala anwani ya kujibu, kwa sababu mimi ni mwandishi wa vibao, na hakuna mtu amewahi kukijibu kibao cha dobi. Nilichora mlango, nikautundika duniani kote, ukiwa umefungwa.

"Hakiitiki, Mama."

"Basi kifanye kiitike."

Jumatano ile alikuja dukani mwenyewe, akasimama nyuma ya kiti changu. Nilikuwa nimepiga picha mpya, mlango ukiwa wazi. Nikamuuliza niandike nini. Akasema, "Andika hivi nisemavyo: Karibu. Karibu, mwanangu, pita. Komeo nimeliondoa." Na kweli alikuwa ameliondoa, alikuja nalo mkononi, akaniwekea mezani juu ya daftari. Chini ya maneno yale nikaweka mahali pa kuandika barua. Modemu, ile mashine ya kupitishia mtandao kwenye simu, ikalia ule mlio wake wa paka aliyebanwa mlangoni, ukurasa ukaenda. Nikaufungua mara moja kuukagua: ishirini na nane. Nikatia alama.

Khitma ilikuwa Jumapili. Jumamosi asubuhi Bi Mwanatumu alikuwa amekwisha kuja kabla sijafungua duka, na Mzee Omari nyuma yake, maana hata asiyeamini hutaka kuona. Nilimwambia mama: tarajia ishirini na tisa, hiyo ni mimi ninayefungua sasa. Kama ni wale watatu, itakuwa thelathini na mbili.

Ilikuwa thelathini.

"Mmoja," nikasema. Nikahesabu tena kwenye daftari. Kwenye kioo sikuweza kurudia, maana kisanduku kingepanda. Ndicho kitu pekee nilichokutana nacho katika kazi yangu ambacho hakihesabiki mara mbili. "Jana amekuja mmoja tu, Mama. Mara moja. Na barua hakuna."

Mzee Omari akasema, "Basi ni mashine. Mtu angeandika."

Bi Mwanatumu alikuwa ameshika ukingo wa meza. Uso wake sikuwahi kuuona hivyo, ulikuwa umelainika kama wa mtu aliyetua mzigo kichwani.

"Aliyeitikwa habishi tena," akasema. "Huingia." Kisha akamgeukia kaka yake. "Someni khitma yenu kesho. Sasa mna idhini yangu."

Wakasoma. Mimi nilikula wali wao na sikudai sahani ya pili. Jumamosi iliyofuata nilifungua nikitarajia thelathini na moja. Ikawa thelathini na moja. Ya baadaye thelathini na mbili. Ni mimi tu, kila mara mimi tu. Kisanduku hakikupata mgeni mwingine.

Nyinyi vijana mtanipa sababu, najua. Labda baharia mmoja alikuwa na kile kikaratasi. Labda zilikuwa mashine za Wambui, zikachoka. Nimezipitia zote, nami ni mtu wa kupenda sababu, niliwaambia habari ya nyekundu na rangi ya fedha. Ila hii sijapata duka linalouza dawa yake. Ninachoweza kuwapa ni cha kazi: msitundike ukurasa usio na mahali pa kuitika. Hamjui nani amesimama upande wa pili, wala amebisha mara ngapi.

Rehema alimaliza eda yake, akaolewa mtaa wa Ziwa la Ng'ombe, mambo yake yakanyooka. Bi Mwanatumu akabaki peke yake katika nyumba ile. Mwaka ulipozunguka, afisi ya mjini ikatujulisha kwamba kurasa za zamani zitaondolewa isipokuwa mwenyewe akitaka zibaki. Nikaenda kumuuliza, Jumamosi baada ya alasiri. Sikuwahi kumaliza hodi ya kwanza. "Karibu!" akaitika, haraka, kama mtu anayewahi maziwa yasifurike. Siku hizo aliitika hivyo kwa kila mtu.

Nikavua viatu, nikaingia, nikamwambia habari ya ukurasa.

"Uondoe," akasema. "Mlango wa nini, na mtu yu ndani?" Kisha akatupa jicho kwenye pazia la chumba cha nyuma, akaweka kidole mdomoni. "Na sauti, Fundi. Punguza."

Nikapunguza. Nikaaga kwa kunong'ona, nikatoka kinyumenyume. Kizingitini nikainama kutafuta viatu vyangu kati ya viatu vilivyokuwapo. Nilivihesabu mara moja: vyangu, vya Mama, na jozi ya tatu. Nikavaa vyangu, nikaenda zangu, na njia nzima mpaka dukani sikurudia hesabu ile, wala sijairudia mpaka leo.